Kipimo cha Haki na Sabuni ya Buyenzi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaandika watu mahali walipokutana badala ya mahali walipoishi. Linasikika kama kosa dogo la karani mvivu. Sikuwa mvivu. Nilikuwa kijana wa kurudia hesabu ileile mpaka tumbo linauma, na kosa hilo nililifanya kwa usafi mkubwa, kwa mistari iliyonyooka, na kila aliyeliona alinipongeza.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Bujumbura wakati huo ilikuwa imekatwa vipande. Kulikuwa na mitaa ambamo watu wa aina moja walikuwa wamewafukuza wa aina nyingine, na mitaa iliyojibu kwa kufanya vilevile, na kila mtu alijua apite wapi na asipite wapi bila kuhitaji kibao. Buyenzi haikukatwa. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulihesabiwa kuwa si hawa wala si wale, jambo ambalo siku moja lilikuwa tusi na siku nyingine lilikuwa kinga. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuonana na mtu wa mtaa asioweza kuukanyaga alimwambia: njoo Buyenzi. Wachumba walionana Buyenzi. Mashemeji waliotenganishwa na vita walionana Buyenzi. Na vikundi vilivyotaka msaada wa miradi vilifanyia kazi zao Buyenzi, mchana, kati ya gereji na misikiti, kisha kila mtu akaenda zake kabla ya kuvrefe, ile saa ambayo serikali ilikataza mtu kuonekana njiani.

Nilizaliwa huko. Haya yote niliyajua tangu utotoni. Na bado sikuyaweka kwenye jedwali.

Mradi wenyewe ulikaa Kiriri, juu ya mji, katika jumba lenye bustani iliyomwagiliwa maji hata wiki ambazo mabomba ya huku chini yalikuwa makavu. Kazi yake, kwa maneno yake, ilikuwa kuinua ubunifu na uchumi wa kila eneo. Kwa maneno yangu ya leo, iligawa mashine ndogondogo kwa vikundi na kupiga picha. Wafadhili walikuwa wameuliza swali moja, na swali lilikuwa zuri, sikatai: je, mnagawa kwa haki? Katika nchi iliyokuwa ikiuana kwa sababu ya nani amepewa na nani amenyimwa, sijui swali gani lingine lilistahili kuulizwa. Lakini pale Kiriri hakuna aliyetaka kulishika kwa mkono wake. Walitafuta mtu wa kulijibu kwa niaba yao, awe wa bei nafuu, na ikiwezekana awe mwoga.

Nikapatikana mimi. Shule yangu ilifungwa kwa sababu ya vita, na ilipofunguliwa mimi sikurudi. Takwimu nilijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada nilichookota kwenye marundo ya soko kuu. Kompyuta nilijifunza kwa kufagia chumba cha mtu aliyekuwa nayo. Sikuwa na cheti hata kimoja, na kila asubuhi nilipanda kile kilima nikiogopa kwamba leo ndiyo leo, mtu ataniuliza neno la kitaalamu nisilolijua na wote watanitazama. Mwenye hofu ya namna hiyo hafuati ukweli. Anatafuta kitu ambacho hakuna atakayeweza kukikosoa.

Mkurugenzi aliniita "mon petit", mdogo wangu, kwa sauti ya mtu anayemwita paka. Alikuwa Mrundi aliyesoma Ulaya, na alitamka neno "usawa" huku macho yake yakiwa dirishani, kama mtu anayesubiri gari lake lisogezwe. Alinipa wiki chache nitengeneze kipimo. Nilikitengeneza, na nilikipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Kilikuwa rahisi. Chukua sehemu ya zana ambazo mtaa umepata, kwa thamani yake, igawanye kwa sehemu ya watu wa mji wanaoishi mtaa huo. Jibu likiwa moja, mtaa umetendewa haki. Likizidi moja, umependelewa. Likipungua, umeonewa. Waliopendelewa niliwapaka nyekundu, walioonewa njano, waliotendewa haki kijani. Haki ikawa na rangi yake. Nilipoitazama kwenye kioo cha kompyuta nilihisi utulivu ambao sikuwahi kuupata msikitini, na ninaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miongoni mwa vikundi hivyo kilikuwemo cha mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea. Yeye na wanawake wenzake walitengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese na soda ile inayounguza, na walikuwa wamebuni kitu ambacho sijakiona kwingine: sabuni yenye mchanga mwembamba ndani yake, ya kuwauzia mafundi wa gereji. Inatoa grisi mikononi ambayo sabuni ya dukani inaizungukazunguka tu. Wateja wao walikuwa ukuta kwa ukuta na wao. Zamani walikoroga kwa mti ndani ya pipa lililokatwa, na wengi walikuwa na makovu ya soda mikononi. Mradi ukawalipia mashine ya kukorogea, iliyoundwa na mafundi wa gereji ya jirani kwa giaboksi ya lori lililokufa. Ilipiga kelele kama lori lenyewe. Lakini tangu ifike hakuna aliyeungua tena, na sabuni ilikuwa inatoka mara nyingi zaidi kuliko zamani. Wanawake wale walikula kutokana na mashine hiyo.

Nilikuwa nakwenda pale mara kwa mara na kalamu yangu.

"We mutoto, simama mbali na soda," mama mdogo alikuwa akiniambia, akimaanisha shati langu la ofisini. "Itakula hiyo shati yako ya bureau."

"Umuache, mama," alidakia mwanamke mmoja wa Uvira, mkimbizi kutoka Kongo, ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya kupumzika. "Anapima. Leo pengine atapima na kiuno yetu."

"Kiuno yako wewe haitaenea mu karatasi."

"Alete karatasi mbili!"

Walicheka, na mimi niliandika: kikundi cha sabuni, Buyenzi. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kikundi cha washonaji, Buyenzi. Kikundi cha majiko ya makaa, Buyenzi. Kikundi cha kukausha dagaa, ambacho dagaa wake walitoka ziwani na wanachama wake walitoka kila pembe ya mji, Buyenzi. Sikudanganya popote. Wote niliwakuta Buyenzi.

Jedwali lilipokamilika, Buyenzi ilikuwa nyekundu kiasi cha kuumiza macho. Kinanira, mtaa wa mlimani upande wa kusini, wenye nyumba za matofali mazuri na mageti, ilikuwa njano. Kwa mujibu wa kipimo changu, Kinanira ilikuwa inaonewa na Buyenzi.

Jambo hili lingemchekesha mtu yeyote aliyewahi kutembea kwa miguu katika mitaa hiyo miwili. Kwenye ukumbi wa Kiriri hakuna aliyecheka. Walikunywa juisi. Mkurugenzi alisimama mbele ya ukuta ambapo jedwali langu lilikuwa linang'aa, akasema kwa Kifaransa kwamba sasa mradi una chombo cha kisayansi, na watu ambao hawakuwahi kushuka chini ya kanisa kuu kuja mitaa yetu waliandika maneno hayo kwenye karatasi zao. Kisha akauliza njia ya haraka ya kuipunguza nyekundu na kuijaza njano. Hakukuwa na pesa za mashine mpya. Mtu mmoja akapendekeza kuhamisha iliyopo. Mkurugenzi akapitisha kidole kwenye safu ya Buyenzi na kikasimama kwenye mashine ya sabuni, kwa kuwa ndiyo ilikuwa ya thamani kubwa kuliko zote.

"Hii iende Kinanira," alisema. "Kuna kikundi cha akina mama kule, kimejiandikisha vizuri."

Akanigeukia. "Mon petit, ukihamisha hiyo, tunafika moja?"

Nilipiga hesabu kichwani. "Tunakaribia," nikasema.

Nilijibu hivyo kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Naomba msomaji asinitafutie sababu nyingine nzuri zaidi. Nilikuwa nimeulizwa hesabu mbele ya watu, nikaiweza.

Jioni nilishuka Buyenzi kumweleza mama mdogo. Alikuwa anakata sabuni kwa waya. Aliponisikia hakuacha kukata.

"Wanahamisha nini?"

"Mashine."

"Ya nani?"

"Ya mradi, mama mdogo. Kwa sheria bado ni ya mradi. Ni kwa sababu Buyenzi imepata nyingi."

"Buyenzi." Alilitamka kama jina la mtu asiyemfahamu. "Mi nawaona wamama humu. Buyenzi iko wapi?"

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikiwa na hasira naye kwa kutoelewa kipimo. Saa ya kuvrefe ilikuwa inakaribia na wanawake walikuwa wanaosha mikono na kuvaa viatu. Wakatoka. Mmoja akaelekea daraja la Ntahangwa, kwenda mitaa ya kaskazini. Wawili wakashika njia ya kusini. Mmoja akasubiri amwone mwenzake amefika kona ndipo naye aondoke upande wa pili, kwa sababu hawakutaka kuonekana pamoja nje ya Buyenzi. Nilikuwa nimewaona wakiondoka hivyo miezi na miezi. Siku hiyo nikawahesabu kwa vidole. Kikundi cha Buyenzi kilikuwa na wanawake wachache sana wa Buyenzi. Mashine ile ilikuwa inalisha nusu ya mji, na mimi nilikuwa nimeiandika yote kwenye mtaa mmoja.

Mtu mwenye akili angepanda Kiriri asubuhi na kusema: nimekosea, ipuuzeni karatasi yangu. Mimi nilitaka kupanda na jedwali jipya, safi kuliko la kwanza. Sikuweza kukubali kwenda na neno tupu. Kwa hiyo asubuhi nilirudi kwa wanawake na karatasi, nikasubiri mashine izimwe, nikauliza kwa sauti ya ofisini:

"Kila mmoja aniambie anaishi mtaa gani. Sitaandika majina. Nataka kujua tu, usiku unalala wapi."

Mmoja alianza kufuta mikono yake ambayo ilikuwa mikavu. Mwingine akamtazama mama mdogo, siyo mimi.

"Nani anataka kuyua?" mmoja aliuliza hatimaye.

"Ni ya hesabu tu. Ni ya kuwasaidia."

"Benye walikuja kwetu na mapanga," akasema taratibu, "na bo vilevile walisema ni ya kutusaidia. Walitaka kuyua nani analala wapi."

Mwanamke wa Uvira peke yake ndiye aliyetaka kuokoa hali. "Mi naishi Kinanira," alisema kwa nguvu. "Nyuma ya nyumba ya patroni, mu chumba ya kuku. Uandike! Na kuku uandike." Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa halijatokea pale tangu niwafahamu.

Mama mdogo alinishika mkono wa shati akanitoa nje kama mtoto aliyekojoa kwenye mkeka. Gereji ya jirani ilikuwa imejaa mafundi na hakujali.

"We unasoma kila kitu," alisema. "Vitabu, kompyuta. Hiyo swali umeitoa mu kitabu gani?"

"Mama mdogo, nilikosea hesabu, nataka kurekebisha..."

"Hawa wamama hawajuane nyumba. Miaka yote, hawajuane. Kila mutu anakuya, anakoroga, anaenda. Njo maana kikundi kiko. Sasa umewauliza mbele ya wenzao." Akaachia shati langu. "Wallahi, we ni mupumbafu, na bado unajiona safi."

Kesho yake walikuja wachache. Siku zilizofuata hawakuja. Sikumlaumu hata mmoja. Kwa wakati ule, aliyeulizwa anapolala na mtu mwenye karatasi alikuwa na sababu nzuri ya kutolala hapo tena, na vilevile ya kutorudi kwa muulizaji. Mama mdogo na majirani wawili waliwasha mashine, lakini ilikuwa kama kupika sufuria ya harusi kwa ajili ya watu watatu. Wakaizima.

Ndipo nilipopanda Kiriri, mikono mitupu. Mkurugenzi alinisikiliza akiwa anasaini karatasi. Nilimweleza mitaa iliyofungwa, Buyenzi iliyo wazi, wanawake wanaotoka kila upande. Nilitegemea kumfundisha kitu. Mji huu aliujua kuliko mimi. Alikuwa anajua kila neno.

"Mon petit, tablo yako, jedwali, ilishaenda," alisema. "Imeruka na ndege."

"Lakini imekosea."

"Imekosea kwa nani? Wafadhili wameipenda. Wewe ulisema ni sahihi." Akaweka kalamu chini. "Na hicho kikundi, bado kinafanya kazi?"

"Wanawake hawaji tena."

"Voilà." Alifungua mikono kama mtu ambaye mvua imemwondolea shughuli ya kumwagilia bustani. "Kikundi hakipo. Mashine imelala. Kinanira wanaihitaji."

"Mmoja wao anaishi Kinanira," nilisema. "Kinanira ilikuwa inafaidi tangu zamani."

"Nani?"

"Mwanamke wa Kongo. Anafanya kazi za nyumbani."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Huyo si mtu wa Kinanira. Huyo ni yaya."

Nimekutana na watu wabaya zaidi ya huyo mkurugenzi. Nchi haikuwa na upungufu wao. Lakini muuaji angalau anataka kitu. Huyu alitaka karatasi iwe na rangi moja, na kwa ajili ya hiyo alikuwa tayari kutumia neno tukufu kuliko yote tuliyokuwa nayo, haki, kama mtu anavyotumia kitambaa kufutia kiatu. Ninamdharau mpaka leo. Ninajidharau pia, kidogo kidogo, kwa kuwa nilikifua kitambaa hicho, nikakipiga pasi na kumkabidhi.

Walioipakia mashine kwenye pikapu ni mafundi wale wale walioiunda. Waliahidiwa malipo na walilipwa, na walibeba huku wakitaniana. Mama mdogo alisimama mlangoni. Nilitazamia apige kelele, na nadhani hata mkurugenzi aliyemtuma dereva alitazamia hivyo.

"Muishike na chini," aliwaambia. "Musiniharibie giaboksi."

Nilitumwa Kinanira baadaye kufuatilia. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mke wa ofisa, mwanamke mpole mwenye vitambaa vyeupe kwenye viti. Alinipa Fanta baridi. Mashine ilikuwa uani, karibu na gari, imefunikwa kwa turubai, na juu ya turubai kulikuwa na vyungu vya maua. Alinieleza kwamba wanasubiri semina ya mafunzo. Alisema hawakuwa wamefikiria sana habari ya mchanga, kwa kuwa sabuni ya mchanga ingemchubua mtu. Hakukuwa na gereji hata moja karibu. Nikaandika kila alichosema, kwa mwandiko mzuri.

Nilipotoka, mwanamke wa Uvira alikuwa nje ya geti la nyumba ya pili, anafagia majani. Nilitamani kupita bila kusalimia. Hakuniruhusu.

"Kijana! Nasikia mashini iliniyia mpaka huku."

"Ndiyo, mama."

"Ilinifwata mu quartier yangu, mu mutaa yangu." Akaegemea fagio. "Niingie niikoroge?"

"Kikundi kile ni cha..."

"Ni cha wenye mageti. Nayua." Akarudi kwenye majani yake. "We enda. Enda uandike Kinanira imepata."

Niliandika Kinanira imepata. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ilikuwa kweli. Jedwali la mwisho wa mradi lilitoka karibu lote kijani. Buyenzi moja, Kinanira moja. Ukumbini Kiriri walipiga makofi, mkurugenzi akanishika bega mbele ya wageni, na mimi, ambaye nilikuwa nimekesha nikiogopa swali moja la kitaalamu, sikuulizwa lolote. Hakuna mtu anayehoji kijani. Mradi ulikwisha, na kwa kuwa haki ilikuwa imepatikana, haukuongezewa muda. Tukaachishwa kazi sote siku moja.

Mama mdogo alirudi kwenye pipa na mti. Sasa wako watatu, wote wa mtaa wetu, na soda imeshamwachia kovu jipya juu ya kidole gumba. Sabuni ya mchanga wanatengeneza kidogo, mafundi wanaigombania, haitoshi. Ananiwekea chakula kama zamani. Hajalitaja lile swali tena. Siku moja tu, mgeni alipomuuliza mimi nafanya kazi gani, alijibu: "Anahesabu watu," na akageuka kupakua wali.

Bado napima, kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyojifundisha. Kilichobadilika ni kwamba maswali yangu nayapeleka kwanza kwa watu watakaoulizwa, mmoja mmoja, na swali wanalolikataa nalifuta. Majedwali yangu yana nafasi tupu nyingi, na ninayatoa hivyohivyo.